Manase Amezaliwa, Yusufu Bado Analia

Somo: Mwanzo 41:50-52, 42:21-24, 45:1-8, 50:15-21



Jumapili iliyopita baada ya mahubiri tulifungua madhabahu kwa wenye mizigo ya moyo, na mstari ukafika hadi mlangoni. Mimi nilikuwa upande wa kushoto nikisaidia kuombea watu. Kuna maneno niliyoyasikia tena na tena, kwa wazee na kwa vijana: "Pasta, hayo mambo mimi nilishasahau." Na yule anayesema hivyo, machozi yanashuka. Sasa kama umesahau, unalia nini? Sikumwuliza mtu pale. Mtu akilia unamshika mkono, humfanyii mahojiano. Lakini swali lenyewe nimelileta hapa, kwa sababu naona wengi wetu tumeamini kwamba kuachilia ni kusahau. Halafu tukishindwa kusahau tunaanza kujishuku, ati labda wokovu wetu una kasoro.

Twende kwa Yusufu. Hadithi yake tunaijua tangu shule ya Jumapili, lakini kuna sehemu moja huwa tunaipita mbio tukikimbilia pale alipopata cheo.

Yusufu alikuwa na miaka 17 ndugu zake walipomwuza kwa vipande 20 vya fedha. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Hapo katikati kuna utumwa, kesi ya kusingiziwa, na jela. Halafu mambo yakageuka: pete ya Farao, gari la farasi, mke, kazi kubwa serikalini, na mtoto wa kwanza. Mtoto huyo akamwita Manase, jina linalohusu kusahau. Maelezo yake yalikuwa kwamba Mungu amemfutia kumbukumbu ya mateso yote, pamoja na ya watu wa kwao.

Ushuhuda mzuri, si ndio? Ingekuwa hapa kwetu angepewa kipaza sauti na akina mama wangepiga vigelegele. Lakini hebu ifikirie hiyo nyumba. Jioni unataka mtoto aje kula, unaita, "Kusahau, njoo!" Akianguka unasema, "Pole, Kusahau." Huwezi kumwita bila kukumbuka kile ulichosahau.

Sasa chukua kalamu na Biblia yako. Soma sura ya 37, ya 39 na ya 40, utafute mahali palipoandikwa kwamba Yusufu alilia. Hutapata. Mtu ametupwa shimoni, ameuzwa, amefungwa bila kosa, na hakuna chozi hata moja lililoandikwa. Kisha endelea baada ya Manase kuzaliwa. Sura ya 42 mstari wa 24, analia. 43:30, analia. 45:2, analia kwa sauti mpaka Wamisri nje wanasikia. 45:14-15, analia tena akiwakumbatia ndugu zake. 46:29, shingoni mwa baba yake. 50:1, baba amefariki. 50:17, ameletewa ujumbe. Machozi yote ya Yusufu yaliyoandikwa yanakuja baada ya yeye kutangaza kwamba amesahau.

Mimi sisemi Yusufu alidanganya. Nafikiri alikuwa mkweli kabisa. Alikuwa na kazi nyingi, ghala za kujaza, familia changa, na kweli siku zilipita bila yeye kuwaza Kanaani. Ni kama kidonda kilichofunga juu. Ukikiangalia kimepona. Mtu akikigusa ndipo unajua ndani kuko aje.

Na siku ya kuguswa ikafika. Njaa ikawaleta ndugu zake Misri kununua nafaka. Yeye akawatambua, wao hawakumtambua. Akaongea nao kwa ukali, akawaweka kizuizini siku tatu. Walipokuwa wakisemezana kwa lugha yao, hawakujua anaelewa, kwa maana kulikuwa na mkalimani. Kile walichosema kinashangaza. Walikumbushana jinsi Yusufu alivyowasihi siku ile, na jinsi walivyomwona akiteseka rohoni na hawakusikia. Rudi sura ya 37 uangalie. Hiyo sauti ya kusihi haikuandikwa pale. Inatajwa hapa kwa mara ya kwanza, na inatajwa na wale waliofanya kosa. Zaidi ya miaka 20 walikuwa wanatembea na ile sauti masikioni. Yeye alikuwa na mzigo wake, na wao walikuwa na wao. Yusufu akatoka kando akalia, akarudi, akaendelea na kazi.

Safari ya pili wakaja na Benyamini. Sura ya 43 inasema Yusufu alitafuta mahali pa kulilia, akaingia chumbani kwake, akalia humo, akanawa uso, akatoka, akajizuia, akaagiza chakula kiletwe. Hapo kwenye kunawa uso ningependa tukae kidogo, kwa sababu najua nawaandikia watu wengi wanaonawa uso. Kuna mwalimu anayelia kwenye choo cha walimu kabla ya kipindi cha pili. Kuna baba anayeketi ndani ya gari dakika kumi nje ya lango lake mwenyewe kabla ya kuingia. Kuna mama anayesubiri watoto wote walale. Kuna mwimbaji wa kwaya pia. Unanawa, unatoka, unauliza chakula kiko wapi, na watu wanasema wewe uko sawa sana. Biblia haimsuti Yusufu kwa kunawa uso. Kuna wakati lazima kazi iendelee. Lakini pia haikomei hapo.

Inafika sura ya 45. Yusufu anawatoa watu wote nje, na anasema yeye ni nani. Halafu anataja kitendo chenyewe: wao ndio waliomwuza Misri. Angeweza kusema yaliyopita si ndwele. Hiyo methali tunaipenda sana kanisani, na wakati mwingine tunaitumia kumnyamazisha mtu kabla hajamaliza sentensi. Yusufu hakuitumia. Alisema mmefanya nini, na mlimfanyia nani. Baada ya kusema hivyo ndipo akawaambia wasijichukie, na akaonyesha mkono wa Mungu katika safari yake yote. Ule mpango ni wa maana. Kutaja kulitangulia, kuachilia kukafuata.

Kabla ya kuingia kwenye huduma nilisomea biashara, na nilifanya kazi miaka michache katika idara ya mikopo ya Sacco. (Askofu hunicheka kwamba kila mahubiri yangu yana hesabu ndani yake. Leo pia yako.) Katika uhasibu, mtu akikukopa shilingi 80,000, hizo 80,000 hazipotei kwenye kitabu chako. Zinaandikwa upande wa mali. Mfukoni huna, lakini kitabu kinasema unazo, kwa sababu unatarajia zitarudi. Mwaka wa kwanza sawa. Mwaka wa pili simu haishikwi. Mwaka wa tano mtu mwenyewe amehama. Ukiendelea kuziandika kama mali, unajidanganya, na kibaya zaidi ni kwamba unapanga mambo yako kwa pesa ambazo hazitakuja.

Hivyo ndivyo moyo ulioumizwa unavyoweka hesabu. Kuna mtu anakudai? Hapana, wewe ndiye unayemdai. Unamdai baba samahani. Unamdai mchumba aliyekuacha wiki mbili kabla ya harusi maelezo. Unamdai rafiki heshima aliyokuvunjia mbele ya watu. Na ni haki yako, sitaki mtu akwambie hudai kitu. Lakini angalia ni mambo mangapi umeyasimamisha yakingoja hilo deni lilipwe. Utafurahia kazi yako mpya baba akikiri kwamba alikosea kukuita mjinga. Utaamini watu tena yule akirudi kueleza. Unaishi ukingoja samahani, na pengine yule mtu hata hakumbuki kwamba kuna deni.

Wahasibu hufika mahali wakaliondoa deni kama hilo kwenye mali. Kuna mambo mawili kuhusu tendo hilo ambayo mtu akiyaelewa ataelewa pia msamaha. La kwanza, huwezi kuondoa deni ambalo halikuandikwa. Lazima kuwe na faili: jina, kiasi, tarehe, yaliyofanyika kulifuatilia. "Alinikosea kosea tu huko nyuma" si faili. La pili, ile pesa inaingia kwenye hasara yako ya mwaka huo. Hakuna anayeileta. Aliyekopesha ndiye anayekula hasara. Ndiyo maana kuachilia kunauma. Mtu akikwambia kusamehe ni rahisi, ombea tu, huyo labda hajawahi kusamehe kitu kikubwa. Katika Mathayo 18 yule mfalme aliyemsamehe mtumwa wake talanta 10,000 hakuzipata mahali pengine. Zilitoka kwake. Na dinari moja ilikuwa kibarua cha siku nzima, kwa hivyo hata zile dinari 100 za mtumwa wa pili hazikuwa pesa ya majani chai. Yesu hakusema deni dogo si deni.

Kuna dada mmoja katika kikundi chetu cha nyumbani ambaye ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Alimdhamini mwenzake wa kazini apate mkopo. Mwenzake aliacha kazi, akabadilisha namba, na Sacco ikaanza kumkata mdhamini. Wadhamini wenzangu mnajua. Kila mwisho wa mwezi ile karatasi ya mshahara inakukumbusha kwa herufi na tarakimu. Dada huyu alikuwa akituambia amesahau, lakini kila tarehe 28 aliumwa na kichwa, na watoto nyumbani walijua hiyo siku hakuna kuongea kwa sauti.

Tulipokaa naye, mimi na Mama Mchungaji, hatukumwambia asamehe. Tulimwomba atuambie ni kiasi gani. Akataja. Tukamwuliza hizo pesa zilikuwa za nini. Hapo ndipo alipovunjika, kwa maana zilikuwa za karo ya kijana wake aliyeitwa shule nzuri ya bweni akaishia shule ya kutwa. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anafikiri ana hasira ya pesa. Ilikuwa hasira ya yule kijana, na aibu ya kumwambia mtoto wako "hatutaweza" kwa sababu ulimsaidia mtu wa nje. Aliandika yote kwenye karatasi, kiasi, mwezi kwa mwezi, na jina la ile shule. Akalisoma mbele za Mungu sisi tukisikia. Kisha akasema, sinukuu neno kwa neno, kwamba hangojei tena yule mama apige simu. Alilia sana siku hiyo kuliko siku zote alizosema amesahau.

Mwezi uliofuata makato yalikuja tena. Sacco haijui mambo ya maombi. Akalia tena kidogo, akasema tena yale maneno. Mpaka sasa anafuatilia haki yake kwa njia za ofisi, na ninamuunga mkono. Kuacha kungoja samahani na kuacha kudai haki ya kisheria ni vitu viwili tofauti. Ninaandika hivi kwa sababu nimesikia Mkristo akiambiwa ati kwenda ofisini kuuliza ni kukosa imani.

Na kuna jambo lingine siwezi kuliacha. Kuachilia si kurudisha funguo. Kabla Yusufu hajajifunua, aliweka kikombe kwenye gunia la Benyamini akaangalia ndugu zake watafanya nini. Mara hii hawakumwacha mdogo wao. Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kuuza, alijitolea abaki mtumwa badala yake. Yusufu aliona mabadiliko kwa macho kabla ya kufungua mlango. Kwa hivyo dada, kama mume anakupiga, mtu asikutumie somo hili kukurudisha kwenye kipigo. Ondoka uwe salama kwanza. Namba 1195 inapigwa bure, na sisi viongozi tutakusindikiza kwenda polisi ukihitaji. Mtoto akidhulumiwa, hiyo si ya kuachilia, ni ya kuripoti. Vilevile kama umekosa usingizi na hamu ya chakula wiki nyingi, au unawaza kwamba heri usingekuwepo, tuombe pamoja na pia twende hospitali pamoja. Daktari si mshindani wa Mungu.

Nimesema sana na walioumizwa. Sasa niseme na walioumiza, kwa sababu kwenye ule mstari wa Jumapili kulikuwa na wa pande zote mbili.

Yakobo aliishi Misri miaka 17, kisha akafa. Mazishi yakaisha. Ndugu za Yusufu wakashikwa na hofu kwamba sasa, kwa kuwa mzee hayuko, Yusufu atalipiza. Wakatuma ujumbe wakidai baba aliacha maagizo kwamba wasamehewe. Maagizo hayo hayaonekani mahali pengine katika Mwanzo. Mimi nafikiri waliyatunga kwa woga. Yusufu alipopata huo ujumbe akalia.

Fanya hesabu na mimi. Aliuzwa akiwa na miaka 17. Alijifunua kwao mwaka wa pili wa njaa, akiwa na takriban miaka 39. Hiyo ni miaka 22. Ongeza 17 ya Yakobo kuishi Misri. Ndugu hawa walibeba hatia yao miaka kama 39, na katika hiyo, 17 walikuwa wameshasamehewa. Walikuwa wanakula mkate wa Yusufu, wanachunga mifugo yao Gosheni kwa ruhusa yake, watoto wao wanacheza na Manase na Efraimu, na usiku wanalala wakisubiri siku ya kulipiziwa. Nadhani ndiyo sababu Yusufu alilia. Miaka 17 alifikiri wako pamoja, kumbe wenzake walikuwa wanamwogopa.

Jibu lake lilikuwa swali: je, yeye amekaa mahali pa Mungu? Hapo ametaja kitu alichokiweka chini. Kile kiti cha hakimu. Yusufu hakusema hawakukosea. Alisema wazi kwamba walikusudia mabaya. Lakini kazi ya kuketi juu yao akiwahukumu kila siku, hiyo alimwachia Mwenyewe.

Ndugu, kama uliomba msamaha na ukapewa, na bado unatembea ukiinamisha kichwa, umekula mkate wa Gosheni miaka mingapi sasa? Na kama uliyemkosea ni mama, naye amefariki kabla hamjapatana, hiyo najua ni nzito kuliko zote. Hakuna wa kutumia ujumbe. Mwambie Mungu kosa lenyewe, si kwa ujumla, na umwambie mtu mmoja unayemwamini, kama Yakobo 5:16 inavyotuelekeza. Kama kuna kitu cha kurudisha, shamba, pesa, jina la mtu ulilochafua, rudisha. Zakayo alipokutana na Yesu alizungumzia kurudisha mara nne.

Ule mfano wa mtu aliyepanda lori akabaki na gunia kichwani mmeusikia mpaka mmechoka, sitaurudia. Lakini neno moja nitaliacha nanyi. Petro katika waraka wake wa kwanza, 5:7, anatuhimiza tumtwike Mungu fadhaa zetu. Kutwika ni neno la mtoni. Mama aliyebeba jerikeni ya lita 20 kichwani hawezi kumtwika mtu mwingine kabla hajaitua. Na jerikeni iliyojaa hujitui peke yako vizuri. Utamwaga nusu au utaumia shingo. Unasimama, unamwita mtu, "Nisaidie kutua." Mnashika pande mbili, inashuka hadi kifuani, unaiona, unasikia uzito wake mikononi. Ndipo inaweza kwenda kwa mwingine.

Kwa viongozi wa vikundi vya nyumbani: Jumatano hii someni Mwanzo 50:15-21 peke yake, polepole. Swali liwe moja tu: katika hadithi hii mimi niko wapi, upande wa Yusufu au upande wa ndugu zake? Wengi watajikuta pande zote mbili. Mtu asilazimishwe kusema, na yatakayosemwa yabaki hapo hapo kwenye kikundi. Tafadhali msiyalete kwenye WhatsApp kama hoja za maombi.

Ijumaa kwenye kesha, kuanzia saa tatu usiku, Mama Mchungaji na wazee wawili watakuwa katika chumba cha nyuma kwa yeyote anayetaka kuja na karatasi yake. Hatutazikusanya wala kuzisoma. Utasoma mwenyewe, nasi tutashika upande wa pili.